Jinsi ya kuongeza msamiati wa Kiingereza kwa klipu za komedi: weka alama pale wanapocheka na wewe hujacheka

Watu wengi wanaangalia komedi za Kiingereza miaka na miaka, wanawajua waigizaji wote kwa majina, lakini ukiwaambia wataje maneno 10 mapya waliyoyapata mwezi huu wanakwama. Sio kwamba hawana akili ya lugha, hapana, ni kwamba macho ndo yanafanya kazi yote, mtu kateleza wanacheka, mtu kakunja uso wanacheka, hadhira ikicheka na wao wanafuata, sikio limekaa tu. Mimi nilikaa hivo muda mrefu sana mpaka nilipoanza kufanya kitu kimoja kidogo, kila hadhira inapocheka na mimi sijaelewa wamecheka nini naandika dakika na sekunde. Basi. Hapo ndo neno langu lilipo, na huu mwongozo wote umejengwa juu ya hicho kitu kimoja.

Kwanini komedi na sio filamu za mapigano au taarifa ya habari? Taarifa ya habari inasomwa, hakuna mtu anaongea vile na rafiki yake. Filamu za mapigano unaweza kukaa dakika 5 nzima unasikia milio tu. Komedi ya nyumbani au ya ofisini ni watu wanaongea, tena wanaongea mambo ya kila siku, kuchelewa kazini, kugombana na mpenzi, kudaiwa, kudanganya halafu kubambwa. Sura inakusaidia kujua huyu kakasirika au anatania. Na kicheko chenyewe kinakupa nafasi ya kupumua, mwigizaji anasubiri watu wamalize kucheka ndo aendelee, wewe hizo sekunde 2 au 3 unazitumia kurudia sentensi kichwani.

Hatua ya 1: chagua kipindi kinacholingana na wewe

Hapa watu wanakosea sana kwa sababu wanachagua kipindi kwa umaarufu. Kuna utafiti wa Stuart Webb na Michael Rodgers uliotoka mwaka 2009, walichukua maneno ya vipindi vya televisheni vya Uingereza na Marekani wakayahesabu, wakakuta ukiwa na familia za maneno kama 3,000 ukijumlisha na majina ya watu na mahali unakuwa unayajua karibu asilimia 95 ya yanayosemwa. Familia ya maneno ni kama help, helped, helpful, helpless, zote hizo unahesabu 1. Sasa asilimia 95 inasikika kubwa lakini maana yake katika kila maneno 20 kuna 1 hulijui, na mtu akiongea maneno 150 kwa dakika hayo ni maneno 7 au 8 mageni kila dakika. Kwahiyo usijilaumu ukiona dakika 1 imekutoa jasho, ni kawaida kabisa.

Kipimo changu ni rahisi. Chukua dakika 1 yoyote, angalia na sabtaito za Kiingereza (maandishi ya chini), hesabu maneno ambayo hujawahi kuyaona. Yakifika 10 na kuendelea kipindi hicho kiweke pembeni, utakirudia baadae. Yakiwa 3 mpaka 7 hapo hapo ndo pako. Yakiwa 0 au 1 angalia kwa raha zako ila usikiite somo.

Sasa kuhusu vipindi vyenyewe. Mr. Bean ni mzuri sana kwa kucheka ila jamaa karibu haongei, huwezi kupata msamiati wa kusikia pale (japo kuna zoezi zuri, unaangalia halafu unaeleza kwa Kiingereza anachofanya, lifanye siku nyingine). Mind Your Language ya Uingereza ya mwaka 1977 watu wengi wanaipenda kwa sababu inahusu darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza, ila kumbuka wale wanafunzi wanakosea makusudi, ndo kichekesho chenyewe, kwahiyo ukiiga lafudhi na sarufi zao umepotea, msikilize mwalimu. Friends iliyoanza 1994 ikaisha 2004 ina episodi 236 za dakika kama 22 kila moja, ni maongezi mwanzo mwisho, ilirekodiwa mbele ya hadhira na vicheko unavisikia, kwa anayeanza hii njia ya kuweka alama inamfaa sana. The Office haina vicheko vya hadhira kabisa, utani wake uko kwenye ukimya na macho, hiyo iache kwanza mpaka sikio likomae. Ukikomaa kuna kitu kizuri utakikuta huko, kuna The Office ya Uingereza ya 2001 na ya Marekani ya 2005, na episodi ya kwanza ya Marekani ilifuata kwa karibu sana ile ya Uingereza, yaani hali ile ile kwa Kiingereza cha nchi mbili, unaziweka sambamba unasikia tofauti mwenyewe.

Chagua kipindi 1 tu ukae nacho angalau mwezi. Hili nalisisitiza. Wahusika wale wale wanarudia maneno yale yale kila wiki, kila mmoja ana namna yake ya kuongea, na lile neno ulilolikuta Jumatatu utalikuta tena episodi ya 4 na ya 9 bila kulitafuta. Ukirukaruka kila siku kipindi kipya unaanza upya na lafudhi mpya.

Hatua ya 2: kata kipande kifupi

Dakika 1 na nusu mpaka 3, tukio 1 lenye mwanzo na mwisho. Zile video za "vichekesho bora 50" zilizounganishwa usizitumie kwa masomo, kila sekunde 10 unarushwa pengine, hujui nani kamwambia nani na kwanini, na neno bila kisa halikai kichwani. Na kama bando inakusumbua shusha ubora wa picha mpaka 240, hapa unachohitaji ni sauti, picha ikiwa na ukungu kidogo hakuna shida.

Hatua ya 3: mara ya kwanza, bila sabtaito, bila kusimamisha

Shika karatasi na kalamu. Klipu inaenda, wewe sikiliza. Watu wakicheka na wewe ukacheka kwa kuelewa, acha. Watu wakicheka na wewe umebaki unaangalia, andika muda, mfano 0:42. Usirudishe nyuma hata kama mkono unawasha, maana ukisimamisha kila sekunde sikio halijifunzi kukimbizana na maongezi ya kawaida. Klipu ya dakika 2 itakupa alama 4 hadi 8 hivi.

Hatua ya 4: mara ya pili, sabtaito za Kiingereza

Sabtaito za Kiingereza, sio za lugha nyingine. Ukisoma tafsiri, jicho linakimbilia lugha unayoijua na sikio linazima. Ukitaka ushahidi wa mtu, RM, mwanamuziki wa kundi la BTS la Korea Kusini, aliwahi kueleza kwenye kipindi cha Ellen DeGeneres mwaka 2017 kwamba alijifunza Kiingereza kwa Friends, akaangalia kwanza na sabtaito za Kikorea, halafu za Kiingereza, mwisho akazitoa kabisa. Sisi sabtaito za Kiswahili ni nadra kuzipata kwahiyo hiyo ngazi ya kwanza tunairuka, na wala haituharibii kitu mradi umechagua kipindi kwa kile kipimo cha hatua ya 1.

Angalia pia sabtaito zimeandikwa na nani. YouTube ukiona auto-generated ujue ni mashine imesikiliza yenyewe, na mashine kwenye komedi inakosea sana kwa sababu watu wanaongea kwa wakati mmoja na vicheko vinafunika sauti. Unaweza kukaa siku nzima unatafuta maana ya neno ambalo halikusemwa. Kwenye maelezo ya video nyingi kuna sehemu ya kufungua maneno yote yakiwa yamepangwa na muda wake, hiyo inarahisisha sana, unaenda moja kwa moja kwenye 0:42 yako.

Hatua ya 5: ile alama ni ya aina gani?

Hapa ndo moyo wa kazi, hapa tukae kidogo. Rudi kwenye kila alama ujiulize kwanini hukucheka. Majibu yako matatu na kila moja lina dawa yake, na wengi wanameza dawa isiyo ya ugonjwa wao, wanafungua kamusi wakati tatizo ni sikio.

Jibu la kwanza, ukisoma sabtaito unasema "aa kumbe ni hivo tu!". Maneno yote unayajua ila hukuyasikia. Hili ni tatizo la sikio. Kiingereza cha kuongea kinameza maneno, "what are you doing" inakuwa kama "wacha duin", "let me" inakuwa "lemi", "going to" inakuwa "gona", "did you eat" inakuwa "jiit". Wamarekani wanalainisha t katikati ya maneno, "get it" unasikia kama "gerit". Sisi tumezoea lugha ambayo kila silabi inatamkwa kamili na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, wao mkazo unahama na silabi zisizo na mkazo zinapotea. Dawa yake ni kusikiliza ile sentensi moja mara 8 mpaka 10, kwanza kwa spidi 0.75 halafu kawaida, halafu uiandike kama unavyoisikia wewe, kabisa "gerit" uandike "gerit", pembeni uweke ile sahihi. Kwenye simu ukigonga mara mbili upande wa kushoto wa video ya YouTube inarudi nyuma sekunde 10, itumie mpaka uchoke.

Jibu la pili, umesikia vizuri ila neno hulijui. Hapo sasa ndo kamusi. Tumia kamusi za wanaojifunza, Oxford Learner's, Cambridge au Longman, zote ziko bure kwenye intaneti, zinaeleza kwa maneno mepesi na sauti ya kutamka ipo, nyingi za Uingereza na Marekani zote mbili. Na tafuta kifungu kizima sio neno moja moja. Kiingereza cha komedi kimejaa vitenzi vya maneno mawili au matatu ambavyo vipande vyake havikuambii kitu: "show up" ni kutokea, "freak out" ni kupagawa, "get over it" ni lipotezee, "put up with" ni kuvumilia, "cut it out" ni acha hiyo tabia, "hang up on" ni kumkatia mtu simu. Ukitafuta "put" peke yake utasoma kurasa 2 na usipate jibu.

Jibu la tatu, umesikia, maneno yote unayajua, na bado huoni cha kuchekesha. Hili ndo gumu na ndo lenye mali. Mara nyingi ni neno lenye maana 2. Kuna utani wa zamani sana, mtu anasema "Call me a taxi", mwenzake anajibu "Okay, you're a taxi". Wa kwanza anataka aitiwe teksi, wa pili kasikia "niite teksi" kama jina. Ukielewa huo utani umepata sarufi ya "call" ambayo darasani ingechukua kipindi kizima. Au ni kebehi, mtu kamwagiwa maji anasema "Oh, that's just great" na sauti imeshuka, maana yake ni mbaya kabisa. "Tell me about it" mara nyingi haimaanishi nieleze, inamaanisha mimi hilo nalijua vizuri sana yamenikuta. "Shut up!" ya rafiki aliyeshangaa ni kama "acha bwana, kweli?". "Get out!" na "No way!" nazo hivo hivo. Dawa yake ni kuangalia uso na kusikia mlio wa sauti, halafu kujiuliza kwa Kiswahili tungesema nini hapo, sio neno linatafsirika vipi. Ikishindikana kabisa na ukagundua ni utani wa mwanasiasa wao au tangazo lao la zamani, achana nao endelea, haukupi neno la kutumia.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuseme klipu ina maongezi haya, nimeyatunga mwenyewe ili tuyafanyie kazi:

– How was the date?
– He stood me up.
– Again?
– Well, technically, the first time he showed up. He just didn't stay.

Watu wanacheka mwishoni. Anayeanza anasikia "date" anadhani tarehe, anasikia "stood me up" anadhani alinisimamisha, basi kisa chote kimegeuka. Sasa tuchambue. "Date" hapa ni kutoka na mtu unayempenda. "Stand someone up" ni kukubaliana kukutana halafu usitokee, mwenzio anasubiri mpaka anachoka. "Show up" tumeshaiona. Na "technically", hilo ndo neno la dhahabu hapa, kwa komedi ni neno la mtu anayejitetea kwa kipengele kidogo, kama mtu akisema "kiukweli ukiangalia vizuri..." ili asikubali kwamba kashindwa. Utani wote ni kwamba binti anamtetea jamaa na utetezi wenyewe unamzidishia aibu. Mistari 4, vifungu 4 vya kuondoka navyo, na huwezi kuvisahau kwa sababu unamkumbuka yule binti.

Hatua ya 6: andika sentensi, sio neno

Daftari la maneno lenye mstari katikati, Kiingereza huku Kiswahili kule, halisaidii, nimejaza mengi. Andika hivi: sentensi nzima kama ilivyosemwa, nani alimwambia nani na hali ilikuwaje, maana kwa Kiswahili cha kuongea, halafu sentensi yako mwenyewe yenye ukweli wa maisha yako. Kwa "stood me up" uandike tukio lako la kweli, rafiki aliyesema anakuja na hakuja. Kipande hicho cha mwisho watu wanakiruka kwa sababu kinachosha, na ndicho kinachohamisha neno kutoka kwa mwigizaji kuja kwako. Na usizidishe, klipu 1 maneno 5 mpaka 7, mengine yaache hata kama ni mazuri.

Hatua ya 7: ongea nao

Hii ifanye ukiwa peke yako kama una aibu. Cheza sentensi, simamisha, rudia kwa mdomo na mlio ule ule, hasira yake, mshangao wake, mpaka mkono unaoenda hewani. Ikishakaa, ongea naye kwa pamoja bila kusimamisha, wewe ukiwa nyuma yake kwa nusu sekunde. Halafu jirekodi kwenye simu usikilize. Kitu cha kwanza utakachokigundua ni ile i au u tunayoongeza mwishoni, "book" inakuwa "buku", kwa sababu maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Cha pili ni irabu zenyewe, sisi tunazo 5 wao wana zaidi ya mara mbili ya hizo, kwahiyo "ship" na "sheep", "bad" na "bed" na "bud" zinatuchanganya na komedi inapenda sana kuchezea hapo. Ila kuna sehemu tumebarikiwa, th ya "think" ni ile ya thamani na th ya "this" ni dh ya dhahabu, wageni wengi wa Kiingereza inawatesa sana hiyo na wewe unayo tayari, itumie kwa ujasiri usiigeuze kuwa s na z.

Hatua ya 8: rudia kwa mpangilio

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya kujipima mwenyewe kumbukumbu, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni halafu kasi inapungua. Kwahiyo marudio yawe karibu karibu mwanzoni, kesho yake, siku ya 3, siku ya 7, wiki ya 2, halafu mwezi. Programu ya Anki inakupangia hayo yenyewe, kwenye kompyuta na Android ni bure, na unaweza kuweka sauti ya klipu upande wa mbele wa kadi na sentensi upande wa nyuma. Kama hutaki mambo ya programu, rudia klipu yenyewe siku hizo hizo. Siku ya 7 iangalie bila sabtaito na uone zile alama zako za mwanzo, 0:42 ukicheka sasa kabla hadhira haijacheka, hilo neno ni lako.

Ratiba inayobebeka

Dakika 25 kwa siku zinatosha. Jumatatu klipu mpya hatua ya 3 mpaka ya 5, Jumanne kuandika, Jumatano kuongea nao, Alhamisi klipu ya pili, Ijumaa kuandika na kuongea, Jumamosi marudio ya wiki na za nyuma, Jumapili angalia episodi nzima bila daftari, cheka tu. Hiyo Jumapili usiiondoe, ukigeuza kila kicheko kuwa kazi utachoka ndani ya wiki 3. Kwa klipu 2 maneno 5 mpaka 7 kila moja unapata 10 hadi 14 kwa wiki, kwa mwaka ni 500 mpaka 700 ambayo unayasikia, unayatamka na unayatumia.

Tahadhari kabla hujayatumia kwa watu

Wahusika wa komedi wanaongea vibaya makusudi, wanatukana marafiki, wanawajibu mabosi ovyo, ndo maana inachekesha. Kila neno unaloandika liwekee alama ya nani anaweza kuambiwa: rafiki tu, mtu yeyote, au kamwe. "Dude", "my bad", "knock it off" hizo ni za marafiki, kwenye usaili wa kazi utaonekana hujui ulipo. Kamusi nilizotaja zinaandika informal, slang, offensive au taboo pembeni ya neno, soma hiyo kabla ya maana yenyewe. Angalia na nchi pia, "pants" Marekani ni suruali na Uingereza ni chupi, "pissed" Marekani ni kukasirika na Uingereza ni kulewa, tena kote sio neno la heshima. Na maneno ya vipindi vya miaka ya 90 mengine yamezeeka, ukitaka kujua kama watu bado wanasema, liweke YouGlish, litakuletea video za watu wakilitumia kwenye YouTube, kwa lafudhi ya nchi unayotaka. Sikiliza 5 au 6 kati ya hizo, na kama wanaolitumia ni wengi na wako kwenye hali tofauti tofauti liingize kwenye daftari, kama unalisikia kwenye komedi za zamani peke yake basi lielewe tu ukilikuta ila usiliongee.

Anza na klipu 1 leo, ya dakika 2, na karatasi moja.